Jasho Lako Si Joto la Mtoto

Siku ile bado naiona, mwanangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni, baridi ya Julai, nami nimejifungua juzi tu. Mtoto alilazwa kitandani, upande wa ukuta. Wifi yangu ndiye aliyepewa kazi ya kuangalia moto. Akavuta kigoda karibu na mafiga, jasho likamtoka, akatoa kuni.

Mama mkwe alipoingia alimpapasa mtoto kifuani, akamkuta wa baridi, akageuka.

"Nani kapunguza moto?"

"Mimi, mama. Joto limezidi."

"Limemzidi nani? Jasho lako si joto la mtoto! Umekalia mafiga halafu unamsemea aliye ukutani?"

Nikambana mtoto kifuani, kuni zikarudi, akapona. Ndiye baba yake Elia.

Elia, mjukuu wangu, ni fundi umeme. Mwaka huu kapata mtoto, kadogo, wakaruhusiwa kutoka hospitali kwa agizo moja: asipigwe na baridi. Elia akafunga hita inayojiwasha na kujizima yenyewe, ikiongozwa na kidude cha kupima joto wanachokiita sensa. Sikupinga. Moshi umeshanila macho ya kutosha.

Asubuhi moja naingia, chumba baridi kama msitu wa Shume. Simu ya Elia inasema joto tele! Kumbe sensa imeingiwa na unyevu, imeganda, inarudia habari za jana, na hita inaisadiki.

"Mgosi, mwanamume wewe," nikamwambia Elia, "hiyo simu ndiyo ya kufunikwa blanketi, au mtoto?"

Hata shikamoo alisahau. "Naing'oa yote, bibi. Turudi kwenye mkaa."

"Mkaa, chumba kimefungwa? Unataka tuchimbe kaburi? Keti."

Nikampa maneno ya mama mkwe. Akacheka, akachukua bisibisi. Sensa mpya moja akaiweka kitandani kwa mtoto, nyingine karibu na dirisha.

"Zikibishana?"

"Hita inabaki kwenye moto mdogo, bibi, na king'ora kinalia mpaka mtu aje. Ikinyamaza moja, vilevile."

"Na joto likipita kiasi?"

"Kuna kizimio cha peke yake. Hakisikilizi sensa wala simu."

"Na mimi nisiyejua simu?"

Akanifungia swichi ukutani, kwa kimo changu.

Juzi sensa ya dirishani nayo ilikufa. King'ora kikalia, nikaenda, nikampapasa kitukuu kifuani. Vuguvugu, mdomo wazi, anakoroma kama mzee wa kanisa.

Sasa sikia, mwanangu. Kila chombo kitaharibika. Kitengeneze ukijua hivyo. Kidole kimoja hakivunji chawa, basi tafuta shahidi wa pili, na umweke pale alipo mwenye shida. Wakigombana, usizime moto wala usiuchochee. Uache mdogo, uite mtu. Anayenyamaza usidhani anasema ni salama. Na mkono wako usiustaafishe.

Mungu akujalie nyumba yenye joto, na king'ora kikilia, asikosekane wa kuinuka.