Bomba la kwenye kompyuta

Wanangu, leo nimeambiwa kijiji chetu kina maji. Nimeambiwa na mwenyekiti, nimeshika ndoo tupu.

(Mimi nasema, mjukuu wangu Somoe anaandika. Shule sikwenda, mdomo ninao.)

Somoe ana programu ya bure kwenye kompyuta yake. Unaipa maneno, inakutengenezea video hapohapo nyumbani.
Juzi nikamwambia, weka bomba hapa kwetu Newala, limwage maji, kina mama wacheke.

Kompyuta ikanguruma kama mashine ya kusaga, asubuhi hadi adhuhuri.
Ikatoa video fupi kuliko chafya.
Tukairusha kwenye kundi la kijiji, tukacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Akawatumia wakubwa zake, akasema mradi wa maji umekamilika.

Leo gari linalotuletea maji limetupita, eti sisi tuna bomba, likaenda kijiji cha pili.

Nikamfuata mwenyekiti kwake.
"Shikamoo, Bibi."
"Marahaba. Maji yako wapi?"
"Si haya hapa," akanionyesha simu. "Nilidhani ni bomba la kule kitongoji cha bondeni."
Kule hajakanyaga tangu tumchague.

Nikamuuliza, "Na huyu mama mwenye mikono mitatu, ni mke wa nani hapa kijijini?"

Akaisogeza simu machoni. Akahesabu. Akahesabu tena.

Kisha akawapigia wakubwa, sauti imenywea kama kifaranga kilicholowa. Gari linakuja kesho asubuhi, na nimemwambia atakuwa wa mwisho kwenye foleni.

Haya, ninyi huko Masasi na Tandahimba, semeni ukweli: maji yenu ni ya kunywa au ya kutazama?