Nilimnyima Mama Watoto Maji

Niko na miaka sabini na nane, nimezika machifu watatu na daktari wangu wa kwanza. Leo karibu nizike bibi yangu.

Alianza kuhara asubuhi, maji matupu.

Nikaficha mtungi. "Ukifunga tangi, bomba inakauka," nikamwambia. Hapa Molo nani ananifundisha?

Saa nane macho yameingia ndani, hata kunitukana hawezi. Nikamkimbiza dispensari.

Sista akanifokea: "Mzee, wadudu wanatoa sumu inafungulia seli za matumbo, zinamwaga maji ya mwili! Hata asipokunywa yanatoka. Unamkausha!"

Nikashika kijiko mwenyewe, maji ya chumvi na sukari, nikamnywesha kidogo kidogo.

Saa kumi akafungua macho. "Wewe mzee, leta kikombe!"

Mnaobisha, ulizeni sista. Ama bibi mwenyewe, sasa matusi yamerudi yote.