Kina Mama wa Kikoneni Wamenyamazishwa

Leo nimetamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ndiye niliyeitengeneza tovuti ya hoteli moja hapa Diani. Ukiifungua kwenye simu, video inaanza yenyewe: kina mama wa Kikoneni wanaimba kuwakaribisha wageni.

Sasa, simu nyingi hazikubali video ianze yenyewe ikiwa na sauti. Basi sauti niliizima. Anayetaka kusikia anagusa kitufe.

Leo kina mama wenyewe wamekuja hotelini kujiona. Wamevaa leso mpya, wamependeza kweli.

Wakatazama. Midomo inacheza, sauti hakuna.

Kiongozi wao, Bi Mwanasha, akaniuliza, "Mwanangu, sauti zetu umezipeleka wapi?"

Kabla sijamjibu, meneja wa hoteli akaangua kicheko. "Afadhali hivyo! Wageni wanataka kuona leso, si kusikia kelele."

Nikamwonyesha Bi Mwanasha kitufe. Akakigusa. Wimbo ukajaa mapokezi, wageni wawili wakasimama kusikiliza.

Meneja hakucheka tena. "Kiondoe hicho kitufe. Sasa hivi, wakiwa papa hapa."

Nimekiondoa, jamani. Mbele yao.

Nyinyi mngefanyaje?

Maana hadi tunaagana langoni, aliyekuwa akinipa pole ni Bi Mwanasha.