Miezi Minane Niliyoificha kwenye Mahojiano ya Uraia

Mwanangu, asubuhi ile naikumbuka mpaka gauni nililovaa. Lilikuwa la kitenge cha bluu, nimelishona mwenyewe, na kola yake nilikuwa nimeipiga pasi mara tatu. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, naishi Gikondo, Kigali, na mume wangu Faustini, na siku hiyo tulikuwa tumeitwa wote wawili ofisi ya uhamiaji, kuhojiwa juu ya ombi langu la kuwa raia wa Rwanda.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia na wewe umeitwa. Siku hizi vijana wengi hupita hapa kwangu, mmoja kaolewa, mwingine kazi imemleta na moyo umegoma kuondoka, na wote wana swali lile lile: "Mama, wataniuliza nini?" Mimi huwaambia maswali si magumu. Hawaniamini. Kwa hiyo kaa kwanza, nikwambie nilivyoharibu mambo yangu mwenyewe, ndipo utaniamini.

Mimi ni mzaliwa wa Kahama, Tanzania, Msukuma kwa baba na kwa mama. Faustini ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, akarudi Kigali kijana, akawa fundi wa malori kwenye magereji ya Gikondo. Kahama alitumwa kutengeneza lori lililokuwa limeharibika giaboksi. Kazi ya siku nne ikamchukua wiki tatu, na mpaka leo anasema vipuri ndivyo vilivyochelewa. Tukaoana. Nikavuka mpaka wa Rusumo na begi moja na cherehani.

Mwaka wa tatu nilijifungua mtoto wa kike. Aliishi siku sita.

Sitakueleza siku zile zote. Nitakwambia tu kwamba nyumba ilikuwa kimya. Faustini alienda kazini, akarudi, akala, akalala. Majirani walikuja, wakaketi nami, wakanipa maneno ya faraja ambayo nusu yake sikuyaelewa, maana Kinyarwanda changu kilikuwa bado cha sokoni. Nilitaka kulia kwa lugha ya mama yangu na hapakuwa na wa kunisikia. Siku moja nikakunja nguo, nikapanda basi, nikarudi Kahama. Nilikaa huko miezi minane.

Mwezi wangu wa nane huko Faustini akaja. Alikaa kwa wazazi wangu siku tatu bila kuniambia neno la maana, anamsaidia baba kupaua banda la ng'ombe. Siku ya tatu jioni baba akaniita, akasema, "Minza, huyu mtu hakuja kukuchukua. Amekuja kukuuliza. Mjibu." Nikamjibu. Tukarudi Kigali pamoja, na tangu hapo hatujatengana tena.

Sasa sikiliza. Miaka ikapita, nikajua lugha, nikapata wateja. Akina mama wa Gikondo tulianzisha ushirika wa kushona sare za shule, na wenzangu wakanichagua niwe mwenyekiti. Tatizo likawa moja: kanuni za ushirika wetu zilitaka mwenyekiti awe na indangamuntu, yaani kitambulisho cha raia. Wenzangu wakasema watanisubiri, lakini si milele. Ndipo nikaanza kuandaa ombi, jambo ambalo Faustini alikuwa amelisema siku nyingi nikaliahirisha.

Fomu alinisaidia kuijaza mtu mmoja wa mtaa wa Muhima aliyekuwa na duka la fotokopi. Tulimwita Deo. Hakuwa mtu mbaya, usije ukamfikiria vibaya. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao wamesaidia wengi kujaza karatasi, mwisho wake wakaamini wanajua na yaliyomo kichwani mwa mwenye ofisi. Alipofika penye swali kama mimi na mume wangu tumewahi kuishi mbalimbali, nikamweleza habari ya Kahama. Akaweka kalamu chini.

"Mama, hiyo hapana," akasema. "Iko wao natafuta sababu. Ukisema ulikimbia bwana, watasema ndoa iko ya karatasi tu. Andika hapana. Hiyo miezi munane nani atajua?"

Nikaandika hapana. Nyumbani nikamweleza Faustini, naye akasema, "Kama unaona ndiyo njia." Nikayachukua maneno hayo kama kukubali. Deo akaniandikia na majibu mengine ya kukariri, ukurasa mzima kwa Kinyarwanda kizuri kuliko changu: kwa nini naipenda nchi, nitaichangia nini, rangi za bendera zina maana gani. Wiki mbili nzima nilikuwa nakanyaga cherehani huku nikiyasema kwa sauti, mpaka wateja wakawa wananicheka.

Siku yenyewe tulifika mapema sana. Hilo lilikuwa jambo zuri, na wewe ulifanye. Mlangoni tukaacha simu. Karani mmoja akazipitia karatasi zangu, halisi na nakala, cheti cha ndoa, barua ya kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu, pasipoti yangu ya Tanzania. Nakala moja ilikuwa imefifia, akaniambia nikatoe nyingine, na kwa kuwa tulifika mapema nilipata muda wa kwenda na kurudi bila kukimbia. Halafu tukaketi kwenye benchi. Wakamwita Faustini kwanza, peke yake. Hatukuwa tumetazamia hilo. Mimi nilidhani tutaingia pamoja kama tulivyoingia kanisani.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakuniangalia, na karani alikuwa amesimama pale pale, kwa hiyo sikuweza kumuuliza. Nikajiambia mambo ni mazuri. Nikaingia.

Kilikuwa chumba cha kawaida kabisa, meza, viti vitatu, kabati la mafaili. Afisa alikuwa mzee mwenye miwani, karibu na kustaafu nadhani, na pembeni yake msichana wa kuandika. Akanisalimu, akaniuliza kama nimekunywa maji. Akauliza jina langu, majina ya wazazi wangu, ninapoishi, kiongozi wa mudugudu wetu ni nani, kwenye umuganda wa mwezi uliopita, ile kazi ya pamoja ya wananchi wote, tulifanya nini. Nikamwambia tulizibua mtaro nyuma ya kanisa na nikapoteza ndala moja ndani ya matope. Msichana akatabasamu. Mwanangu, mpaka hapo nilikuwa najibu vizuri, na sikujua, kwa sababu hayo Deo hakuniandikia.

Kisha akauliza, "Kwa nini unataka kuwa Mnyarwanda?"

Nikanyoosha mgongo, nikamwaga ukurasa wote. Nilipofika katikati akainua mkono.

"Hayo maneno ni yako?"

"Ndiyo, mzee."

"Sawa," akasema. Akaandika kitu. Halafu akauliza kama mimi na mume wangu tumewahi kuishi mbalimbali tangu tuoane.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata siku moja."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alichukua pasipoti yangu, akaifungua polepole, akaigeuza juu ya meza ili niione. Muhuri wa kutoka Rusumo. Chini yake muhuri wa kuingia Rusumo. Kati yake miezi minane. Mimi ndiye niliyempa karani pasipoti ile kwa mikono yangu, na katika maandalizi yote yale sikuwahi kuifungua.

Kinyarwanda changu chote kikapotea. Sikuwa naogopa kukosa uraia tu. Nilikuwa nimesema hata siku moja, na nilipokuwa nasema hivyo nilimwona mtoto wangu.

Mzee akavua miwani. Akaniambia kwa Kiswahili safi, "Mama, sema Kiswahili. Nimesomea upande wa kwenu, nitakuelewa. Ulikuwa wapi?"

Nikasema yote. Siku sita. Nyumba iliyonyamaza. Banda la ng'ombe, na maneno ya baba yangu. Nililia, nikapangusa uso kwa kola ile niliyoipiga pasi mara tatu. Msichana aliacha kuandika, mzee akamwambia, "Andika." Nilipomaliza akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo.

"Mama, mimi sikukuita hapa nikukamate. Nimekuita nikujue. Watu wengi wanaingia mlango huo wakiwa wamenitengenezea mtu ambaye hayupo, sasa nitampaje uraia mtu ambaye hayupo? Hii habari uliyonieleza sasa hivi ndiyo ndoa. Ungeanza nayo, tungekuwa tumeshamaliza."

Nikamuuliza kama nimeukosa uraia.

"Fomu hii siwezi kuipeleka mbele," akasema. "Ina uongo, na ina sahihi yako. Utajaza nyingine, utaandika maelezo ya miezi ile, utarudi kwenye foleni. Utaitwa tena. Na safari hiyo njoo na majibu yako mwenyewe. Jambo la mwisho: unajua kwamba ukipata uraia huu, ule wa kwenu utauacha?"

"Najua."

"Umemwambia baba yako?"

Sikuwa nimemwambia. Akatikisa kichwa, akasema, "Hilo si la fomu. Hilo ni la kwako."

Nje nilimkuta Faustini amesimama karibu na geti, kofia mkononi. Nikamwambia wameona mihuri. Akasema, "Mimi niliwaambia kabla."

"Mbona hatukukubaliana hivyo?"

"Waliniuliza kama umewahi kuondoka. Minza, siku uliyorudi naijua kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Ningesemaje haikuwepo?"

Tulitembea kwa miguu mpaka Gikondo, ingawa ni mbali, na njiani ndipo kwa mara ya kwanza tukamtaja mtoto wetu kwa jina lake, sisi wawili, kwa sauti. Kwa hiyo siwezi kukwambia kwamba siku ile ilikuwa mbaya tupu.

Lakini uongo ulikuwa na gharama yake, na usije ukadhani haukuwa nayo. Kuitwa mara ya pili kulichukua muda mrefu. Akina mama wa ushirika walisubiri walivyoweza, wakamchagua mwenzangu, na alifanya kazi nzuri. Mpaka leo sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Nilipanda basi hadi Kahama, jioni nikamwambia baba kwamba uraia wa Tanzania nitauacha. Asubuhi akaniuliza kama wajukuu nitakaomzalia watakuwa wanaruhusiwa kuja kumtembelea, nikasema ndiyo, akasema basi nenda.

Mara ya pili nilihojiwa na mtu mwingine, mwanamke kijana, mkali kidogo. Akaniuliza kwa nini nataka uraia. Nikamwambia kwa Kinyarwanda changu chenye lafudhi ya Kahama, "Kwa sababu nimemzika mtoto hapa, na ninakusudia kuzeeka hapa." Akaandika. Hakuuliza lingine juu ya hilo. Siku ya kula kiapo Faustini aliketi mstari wa mbele akiwa na suti ya kuazima, na aliyelia safari hiyo ni yeye.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii, na naisema bila wasiwasi kwa kuwa nimeiona ikifanya kazi kwa wengi niliowatuma huko. Tangulia na karatasi zako, halisi na nakala, na kabla hujampa mtu mwingine azisome, zisome wewe, ukurasa kwa ukurasa. Fika mapema. Kama una mwenzi, jueni mnaweza kutenganishwa, na msikae usiku kupatanisha majibu. Patanisheni maisha yenu, majibu yatafuatana yenyewe. Siku hizi maombi mnayaanzia kwenye kompyuta, sawa, lakini mwisho wake bado utaketi mbele ya mtu anayekutazama usoni. Msikilize anachouliza, mjibu hicho. Usipoelewa, mwambie hukuelewa, arudie. Hakuna aliyenyimwa nchi kwa kusema naomba urudie. Jifunze bendera na historia, ndiyo, uzijue kweli, maana ni nchi yako unayoiomba. Lakini usikariri moyo wako kutoka kwenye karatasi ya mtu mwingine. Na lile unaloliona la aibu, safari uliyoondoka, jina lililokosewa, kazi uliyofukuzwa, liseme mapema kwa kinywa chako. Likisemwa nawe ni historia yako. Likigunduliwa na wao ni kosa lako.

Na unachokiacha, kiage. Mpigie simu mama yako kabla ya kwenda.

Basi nenda, mwanangu. Mungu akutangulie mlangoni, akupe sauti isiyotetemeka na kumbukumbu isiyokukimbia. Atakayeketi mbele yako na akuone kama mtu. Nchi unayoiomba ikupokee wewe na watoto wako, na ile iliyokuzaa isikusahau. Amina.