Kiingereza cha Nyavu Tatu

Msicheke nikisema enzi zetu, ingawa sina hata mvi moja. Tuliosomea Sori, kule kando ya ziwa, tunajua kwamba Kiingereza chetu hakikupimwa kwa karatasi pekee. Kila mwisho wa muhula Madam Pamela alitupeleka ufuoni, kwenye nyavu ambazo akina mama walianikia omena, wale dagaa wa ziwani. Unatembea naye kando ya nyavu ukiongea Kiingereza mfululizo, lolote lile. Kikikuishia, anaandika daftarini umefika wavu wa ngapi. Muhula ujao sharti upite hapo.

Darasa la tatu, mimi nilikuwa mtu wa wavu mmoja. "Achieng," Madam akaniambia, "usipofika wavu wa tatu utarudia, ukae dawati moja na mdogo wako." Mdogo wangu Akoth alishaanza kunitengea mahali pa kukaa, mtoto yule!

Siku yenyewe jua lilichoma utosi, harufu ya omena imenijaa puani. Nikaanza: jina langu, baba yangu, ng'ombe wetu. Kufika wavu wa pili, maneno kwisha. Nikataja siku za juma, nikazirudia. Madam akatoa kalamu.

Hapo nikaona kuku wa jirani wamevamia omena za mama. Nikachomoka! Kwa kuwa Kidholuo, lugha yetu ya nyumbani, kilikuwa marufuku, niliwatukana kwa Kiingereza: wezi nyinyi, hamna adabu, mama yangu ameamka alfajiri, nendeni mkavue zenu! Sijui yalitoka wapi. Madam alikuwa nyuma yangu, viatu mkononi, akihesabu: "Tatu! Nne! Endelea, nyathina!" Ananiita mwanangu, mwenyewe amesahau Kidholuo ni marufuku.

Mama, asiyejua Kiingereza hata cha salamu, akadhani namgombeza mwalimu. Akanikamata sikio. "We Achieng! Unamfokea Madam mbele ya watu?"

"Mwache, mama Achieng," Madam akasema akihema. "Amefaulu. Anaenda la nne."

Mama akalipapasa sikio lile lile kwa mkono unaonuka samaki, akawatangazia wenzake wote pale ufuoni, mmoja mmoja.

Siku hizi mtoto wa Akoth anaongea Kiingereza cha katuni, kinatiririka hadi mimi najificha jikoni. Juzi ripoti yake ya shule iliingia kwenye simu. Akoth akaisoma, akasema, "Yuko sawa," akarudisha simu mfukoni. Mtoto alibaki amesimama pale sebuleni, anatutazama kwa zamu, kama anayengoja mtu aseme kitu kingine.