Mpelelezi wa Lengalenga

Dereva mmoja wa foklifti, Mkongo anayeishi Okolona, Marekani, alifuta kwa pindo la shati kioo cha kamera aliyoifunga mtini, huku akijicheka: “Jambo, mpelelezi mkubwa!” Aliiweka ili amnase jirani yake, Mama Aganze, kwani alimshuku kumwibia lengalenga, yaani mchicha wa bustani yake, hata akamnyima salamu. Picha zikaonyesha kulungu wawili wakitafuna bustani, na Mama Aganze akiwafukuza, kandambili mkononi. Dereva akaenda kumbishia hodi.

“Mama, unisamehe. Nilidhani mwizi ni wewe.”

“Donc, kumbe ndiyo maana ulikuwa haunisalimie?”

“Ndiyo, mama. Mpelelezi mzima, nimeshindwa na mbuzi wa Wazungu.”

Mama Aganze akacheka mpaka akashika ukuta.

“Bon, haya, ingia tule. Lengalenga yako, kidogo nilichuma kweli. Ile ni mshahara yangu ya ulinzi.”