Cheo Nilichomtungia Mzee

Kocha wetu alikuwa Mwingereza, na kama hukujua kwamba zamani aliwahi kuwa winga, ungekaa naye dakika tano tu ungejua. Ungejua pia kwamba siku moja, kwao kaskazini mwa Uingereza, alifunga trai tatu, yaani mabao ya raga, katika mechi moja dhidi ya timu kubwa, tena mvua ikinyesha. Niliposikia habari hiyo mara ya kwanza, trai ya tatu aliikimbilia nusu ya uwanja. Kufikia mwaka wangu wa pili pale, alikuwa ameikimbia kutoka kwenye mstari wake mwenyewe na kuwapita watu sita. Jamaa alizidi kuwa na kasi kadiri goti lake lilivyozidi kuharibika.

Nilimdharau. Nalisema mapema, na wala sijutii sehemu hiyo.

Timu yenyewe ilikuwa kichekesho. Alitaka kuileta Stockholm raga ile ya watu kumi na watatu, ambayo hata kwao inapendwa pembe moja tu ya nchi. Waswidi walikuwa na mpira wao wa magongo kwenye barafu na hawakuwa na haja na sisi. Tulifanya mazoezi Jakobsberg, nje kidogo ya jiji, Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa manispaa, kabla watoto wa mpira wa miguu hawajaja kututimua. Mistari yetu tuliichora kwa koni za plastiki. Waswidi walikuwa wanne, Mkenya mmoja, yaani mimi niliyeonjeshwa raga shuleni, na waliobaki walikuwa Wakongo na Warundi niliowatoa kanisani Alby, upande wa pili wa jiji, kwa kuwadanganya kwamba mazoezi ni bure na chai ipo. Chai haikuwepo.

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa kocha. Wenzangu walijua Kiswahili na Kifaransa, Kiswidi chao kilikuwa bado kichanga, na Kiswidi cha kocha kilitosha kuagizia bia tu. Basi yeye alipayuka kwa Kiingereza na mimi nikawaambia kwa Kiswahili. Na alijua kutukana, lo! Akisema, "Waambie hawa ng'ombe waamke," mimi nilisema, "Kocha anaomba tujitahidi kidogo." Ungefanyaje? Mtu ana mke na watoto, kanisani ni shemasi, halafu umwambie mbele ya wenzake kwamba anakimbia kama kabati? Kwetu hayasemwi hayo. Nilichuja, na nikajiona mtu mwenye adabu.

Kati ya Warundi hao alikuwemo mmoja aliyekaribia miaka hamsini, ambaye sote tulimwita mzee. Kwao alikuwa mkaguzi wa shule. Hapa alisafisha ofisi alfajiri, na kila mtu alimwita kwa jina lake la kwanza, hata msimamizi wake, kijana ambaye mzee angeweza kumzaa. Hakulalamika. Alivaa jezi namba tano, ya winga, kwa sababu ndiyo iliyobaki. Akipewa mpira aliukumbatia kwa mikono miwili na kukimbia kwa heshima zote, na mtu yeyote aliweza kumfikia. Siku moja, akifunga kamba za viatu, aliniambia, "Mdogo wangu, hapa ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo watu wananisubiri. Nisipokuja, mnabaki kumi na wawili."

Alisema kweli. Mwaka wa kwanza tulikuwa kumi na watatu kamili.

Kisha wakaja wanafunzi wa chuo, vijana wenye mapaja, na tukapata mechi ya kwanza ya kweli na timu ya mji mwingine. Kocha akaniita kando. "Mwambie yule babu amekwisha," akasema. "Asije tena. Ananiharibia picha." Akapunga mkono hewani, akaenda zake kuwaonyesha wanafunzi jinsi winga anavyoshika mpira. Hata upande aliokuwa mzee hakuutazama.

Nilimkuta mzee amekaa kwenye benchi akimenya chungwa. Akanikatia kipande. Sasa mimi, na chungwa lake mdomoni, ningesemaje? Nikafanya kama tunavyofanya sisi sote. Nikamtungia cheo. "Mzee," nikasema, "kocha ameona busara yako. Anaomba uwe mlezi wa timu. Jezi zote zikae kwako, na vijana uwaangalie wewe. Mambo ya kukimbia utuachie sisi."

Akasimama. Akanipa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama wafanyavyo Warundi kwa mtu wanayemheshimu. Akavuka uwanja mzima, akampa kocha mkono vivyo hivyo, akainama kidogo. Kocha akadhani anaagwa.

"Kalipokea vizuri," akaniambia baadaye. "Nilidhani atalia."

Jumamosi iliyofuata mzee akatokea na begi la jezi, zimefuliwa na kupigwa pasi. Kocha akatoa macho. "Huyu anafanya nini hapa?" Nikamwambia kwamba amejitolea kufua. "Aa, kumbe!" Nani anakataa kufuliwa bure? Basi nikawa nimeupoza moto pande zote mbili, na nilijipongeza. Nilijiona fundi.

Mzee hakukichukua cheo kile kwa mzaha. Alinunua daftari. Ijumaa jioni alimpigia kila mtu simu: umeshindaje, watoto hawajambo, kesho utakuja? Begi lile alilibeba kutoka Alby kwa treni ya njia nyekundu hadi mjini, akabadilisha treni, akalibeba tena hadi Jakobsberg, theluji iwepo isiwepo. Mkongo mmoja alipovunjika mtulinga, mzee alikaa naye hospitali kutwa nzima. Kocha hakupiga hata simu. Alikuwa akingoja simu yake mwenyewe, maana siku zote kulikuwa na klabu fulani ya Uingereza iliyokuwa mbioni kumwita akafundishe. Simu ile ya kukunja aliiweka juu ya benchi na kuichungulia kila dakika. Haikulia. Mimi nilikuwa nafurahi isipolia, sitaficha.

Baada ya msimu mzee akasema anataka kumshukuru kocha nyumbani kwake. "Aliniona nilipokuwa sionekani," aliniambia. Nilitamani kukataa, lakini nilikwenda, kwa kuwa mkalimani ni mimi.

Sebule ya mzee kule Alby ilijaa timu nzima na nusu ya kanisa. Kulikuwa na ndizi za kupika zilizotoka kwenye maduka ya Rinkeby, maharagwe, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Ila Warundi hawagusi chakula kabla ya hotuba. Mwenyeji anasema, kisha mgeni naye anasimama kujieleza yeye ni nani. Mzee akasimama, akaeleza jinsi kocha alivyompa kazi ya heshima. Nikamnong'oneza kocha: "Anakushukuru kwa kuja." Kocha akaitikia kwa kichwa na kuangalia samaki.

Ikafika zamu yake. Mungu wangu! Alianza na mvua. Akazifunga zile trai tatu moja baada ya nyingine, na safari hii aliwapita watu nane. Chakula kikapoa. Kisha akafika kwenye goti, na sauti ikabadilika. Alisema klabu yake haikumtupa. Alipomaliza kucheza walimfanya balozi wa klabu, wakampa cheti chenye fremu, na mpaka leo yeye ni balozi. Macho yake yalilowa.

Nilitafsiri yote, neno kwa neno, mara ya kwanza tangu nimjue. Na hapo ulimi ukaniponza. Nilikuwa nimemeza upuuzi wa mtu yule miaka miwili, na mbele yangu kulikuwa na watu arobaini wenye njaa ambao wangenielewa, na yeye asingeelewa. Nikaongeza langu: "Kwa wasiojua, jamani, balozi ni cheo anachopewa mtu aliyekwisha chokwa. Kazi hana, haulizwi kitu. Wanamvisha cheo ili aondoke anatabasamu."

Sebule ikalipuka. "Maskini papa kocha!" akasema Mkongo mmoja, akijishika mbavu. Kocha, akidhani wanamshangilia, akacheka pamoja nao na kupunga mkono kama yuko uwanjani. Nilikuwa sijafurahi hivyo tangu nije Sweden.

Mzee hakucheka. Alinisogelea na kuniuliza kwa upole, "Na yeye mwenyewe hajui?"

"Hajui, mzee! Ndio utamu wenyewe!"

Akatikisa kichwa polepole. Akachukua sahani ya kocha, akampakulia sombe kwa mkono wake, akamchagulia kipande kikubwa cha samaki. Kisha akatazama mlangoni, lilipokuwa begi la jezi. Alilitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa na kicheko bado mdomoni, na kikanikauka humo humo.

Jumamosi alikuja kama kawaida. Jezi zilikuwa zimepigwa pasi, namba tano juu ya zote, na daftari juu yake. Begi akaliweka miguuni pangu.

"Siku ile ya chungwa," akasema, "kocha alisema nini? Nitafsirie tu. Chumvi usitie."

Nilijaribu kuzungukazunguka. Akangoja. Mwisho nikasema, "Alisema umekwisha. Usije tena."

"Asante. Hilo ningelielewa." Akafunga vifungo vya koti. "Nimekuwa mkaguzi miaka mingi. Walimu wakuu waliochoka niliwaandikia barua za vyeo kama hicho chako, nikadhani nawastahi. Sasa najua walivyonicheka, au walivyolia." Akanitazama, na hakukuwa na hasira usoni pake. Afadhali ingekuwepo. "Yeye alinikataa siku moja, akamaliza. Wewe umenikataa kila Jumamosi, huku unanishika mkono."

Akavuka uwanja. Akampa kocha mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko, akainama kidogo, akashika njia ya stesheni.

Kocha akaja kwangu, simu mkononi. "Mbona anaaga tena? Si alishaaga?" Kisha akakumbuka la maana. "Na jezi atafua nani?"

Nikamwambia nitafua mimi. Akapuliza filimbi, akaniamuru nihesabu watu. Nikawahesabu mara mbili, nikitamani tupungue. Tulikuwa kumi na wanane. Tulitosha kabisa.